Kipimo cha Mkono

Kabla watoto hawajarudi kutoka shule, Corinne Vickers alivuta droo ya chini ya jiko, akatoa karatasi, akaitandaza mezani na kuweka mkono wake juu yake. Haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa karatasi nyeupe ya kuchorea, kingo zake zimelainika kwa kushikwashikwa, na katikati yake palikuwa na mchoro wa mkono uliozungushiwa krayoni ya zambarau na mtoto ambaye wakati huo hakujua bado kushika krayoni. Mstari uliyumba, ukaruka, ukarudi. Pembeni mtu mzima alikuwa ameandika kwa krayoni hiyo hiyo: Mkono wa Mama.

Mtoto alikuwa Delaney, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu. Mama alikuwa Janelle, mke wa kwanza wa Nolan Vickers, ambaye saratani ilimchukua akiwa bado kijana.

Kidole cha kati cha Janelle kilikipita cha Corinne kwa urefu wa ukucha. Kidole gumba chake kilipinda kwa nje, kama cha mtu anayesimamisha gari barabarani. Cha Corinne kilinyooka. Kiganja cha Janelle kilikuwa chembamba zaidi. Corinne aliyajua haya yote kama mtu anavyojua bei ya kitu asichoweza kukinunua.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Katika nyumba hii mambo yalikuwa kinyume: asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na kila kitu. Mke mwenza aliye hai unaweza kugombana naye, ukamkuta amekosea, ukamsikia akikoroma, ukamwona anazeeka. Janelle hakukosea tena. Alibaki pale kwenye ukuta wa ngazi, kwenye fremu, anacheka, na kila mwaka ukipita Corinne ndiye aliyeongezeka umri.

Aliposikia basi la shule likipiga breki pale kona, alirudisha karatasi kwenye droo, chini ya tepsi za kuokea.

*

Siku hiyo mji ulikuwa na Usiku wa Ombaomba. Watoto hujivika kama mizimu, wakapita mlango kwa mlango wakiomba peremende, na wakati wao huanza king'ora cha kituo cha zimamoto kinapolia saa kumi na mbili jioni. Kabla ya king'ora, kila mama huhakikisha kuna kitu cha maana tumboni mwa mtoto wake. Kwa akina Vickers kitu hicho kilikuwa Mkono: nyama ya kusaga iliyokandwa kwa mayai na chenga za mkate, ikafinyangwa kama mkono wa maiti uliokatwa, ukiwa na makucha ya kitunguu na sosi ya nyanya mithili ya damu pale ulipokatwa. Watoto waliuogopa na kuupenda kwa kiwango kile kile.

Kila mtu alikuwa na kidole chake. Kidole kidogo kilikuwa cha Libby, mdogo wake Delaney. Cha pete kilikuwa cha Nolan, cha kati cha Delaney, cha shahada cha Bibi Arlene, mama yake Janelle. Kidole gumba kilikuwa cha Janelle mwenyewe, na hata baada ya kufa kwake kiliwekwa kwenye sahani yake na kuachwa hapo. Mwaka uliopita, Corinne akiwa ameolewa kiangazi hicho tu, alikaa mezani akasubiri. Delaney alimkatia kipande cha kiganja. Baadaye, wengine walipotoka kwenda kuomba peremende, Corinne ndiye aliyekitupa kile kidole gumba kwenye pipa la taka, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiosha vyombo.

Bibi Arlene alifika mapema, amebeba pai ya boga iliyofunikwa kwa kitambaa. Aliivua miwani iliyopata ukungu, akaipangusa, akaivaa, akainama juu ya bakuli la nyama na kunusa.

"Umeweka haradali?"

"Nimeweka, Mama Arlene."

"Ya kopo au ya unga?"

"Ya kopo."

"Aa," alisema Bibi Arlene.

Ilikuwa "aa" fupi, lakini ilienea jiko zima. Akaichukua pai yake akaiweka mahali palipokuwa na pai ya Corinne, na ya Corinne akaisogeza nyuma, karibu na kibaniko cha mkate.

Libby aliingia akiwa tayari amevaa mabawa yake ya popo. Alikuwa na miaka saba, na kazi yake ilikuwa maiti wa sanda: kuvingirisha soseji kwa utepe mwembamba wa unga wa mkate, kisha kuwatia macho ya punje za pilipili manga. Aliwapanga kwenye tepsi akizungumza nao.

"Huyu amekonda. Anahitaji chakula."

"Maiti hali, wewe," Delaney alimwambia bila kuinua kichwa kutoka kwenye nyama aliyokuwa anakanda.

"Mbona Mama tunamwekea kidole gumba?"

Delaney aliacha kukanda. Bibi Arlene aligeukia dirishani kama aliyeitwa na mtu wa nje.

"Hiyo ni tofauti," Delaney alisema mwishowe.

"Tofauti vipi?"

"Libby, funga sanda zako."

Corinne alicheka kidogo, kwa nia ya kusaidia. Hakuna aliyecheka naye. Alinawa mikono, akasogea mezani, na alipoona mchanganyiko wa nyama unapasuka pembeni, aliubana kwa vidole viwili.

"Acha," Delaney alisema. "Mkono huwa tunaufinyanga sisi. Mimi na Libby."

"Nilikuwa naziba ufa tu."

"Mama alikuwa anaacha nyufa. Maiti ana nyufa. Wewe ungemenya viazi, Corinne."

Alimwita jina lake tupu, kama kawaida. Hapo mwanzo Nolan alisema watoto watapata neno lao wenyewe, wasisukumwe. Neno halikupatikana. Corinne alichukua kisu na kumenya viazi.

Utaratibu wa kufinyanga ulikuwa wa Janelle, na Delaney aliufuata kama sala. Kwanza ile karatasi yenye mchoro ilitandazwa mezani. Juu yake ikawekwa karatasi ya kuokea, ambayo ni laini na huonyesha kilicho chini, hivyo mstari wa zambarau ukaonekana kama mshipa chini ya ngozi. Nyama ilipangwa kwa kufuata mstari huo. Mkono ukiwa tayari, karatasi ya kuokea ilinyanyuliwa pamoja na nyama, ikahamishiwa kwenye tepsi, na mchoro ukarudi salama kwenye droo.

Walifanya kazi kwa makini. Corinne aliwaona kwa mgongo wake, kama mtu anavyoiona karamu ya jirani kupitia ukuta. Vidole vikatokea, kimoja baada ya kingine. Kidole gumba kikapinda kwa nje.

"Huo hasa," Bibi Arlene alisema, na sauti yake ikafifia. "Huo ndio mkono wa mwanangu."

Kisha akaenda sebuleni kumimina peremende kwenye karai la mlangoni. Simu ya Delaney ikalia. Alikuwa rafiki yake, anauliza rangi ya kujipaka usoni. Delaney akatoka nayo ngazini.

"Libby, usiguse kitu mpaka nirudi!"

Libby alisubiri kidogo. Halafu akafanya kile ambacho mtoto wa miaka saba aliyevaa mabawa angefanya: alileta tepsi, akaiegemeza kwenye ukingo wa meza, akashika karatasi kwa mikono miwili na kuivuta. Nyama iliteleza vizuri, haikuvunjika hata kidole. Akang'aa uso mzima.

"Corinne! Nimeweza peke yangu! Nifungulie oveni."

Corinne aligeuka. Chini ya karatasi ya kuokea, upande wa kifundo, ilichomoza pembe ya karatasi nyingine, nyeupe, yenye maandishi ya zambarau. Aliweza kuyasoma kutoka pale aliposimama: Mkono wa M. Karatasi zote mbili zilikuwa zimegandana na kuvutwa pamoja.

Ulikuwepo muda wa kutosha kusema "ngoja". Ni neno dogo, na halikuwa na gharama yoyote.

Corinne alifungua oveni.

*

Nolan alirudi kutoka maghala ya mahindi akiwa na vumbi la mavuno mpaka kwenye nyusi. Alimbusu mke wake shavuni, akanusa hewa.

"Aisee. Kama zamani."

"Kama zamani," Corinne alikubali.

Viazi vilikuwa tayari vimepondwa. Alivikoroga tena. Mara mbili alikwenda mpaka mbele ya oveni, na mara mbili akaangalia kioo chake bila kuangalia ndani. Alijiambia huenda aliona vibaya. Alijiambia karatasi haiwezi kuungua ikiwa chini ya nyama. Yote mawili aliyasema kwa ukamilifu, kama mtu anayetoa ushahidi, na hakuyaamini.

Delaney, aliyekuwa chumbani muda wote akijipaka rangi, alishuka, nusu ya uso imepakwa fuvu la kichwa, nusu bado ni yeye. Alipoutoa Mkono, nyama ilikuwa na rangi nzuri, makucha ya kitunguu yamejikunja kingo, mafuta yanachemka pande zote. Kila mtu alisema "aah". Corinne pia alisema.

"Niletee karatasi ya Mama niirudishe," Delaney alimwambia Libby.

"Haipo mezani."

"Ipo wapi?"

"Si uliiweka wewe?"

Waliangalia chini ya meza, kwenye droo, nyuma ya kibaniko. Halafu Delaney akaona, kwenye tepsi, pembe iliyogeuka kahawia. Alichukua mwiko akainua kifundo cha mkono. Karatasi iliyokuwa chini ilikuwa imelowa mafuta, nyeusi kwenye kingo, na alipoivuta ilikatika kama ganda la kitunguu. Alivuta kipande kingine. Krayoni ni nta, na nta haivumilii oveni. Hapakuwa na mstari. Palikuwa na doa la zambarau lililoelea kwenye mafuta, basi.

"Umefanya nini?" Delaney aliuliza taratibu. Kisha akapaza sauti. "Libby, umefanya nini? Nilikwambia usiguse! Mjinga wewe! Ilikuwa moja tu! Ilikuwa moja!"

"Sikujua zimeshikana!"

"Hujui kitu! Hata humkumbuki, ulikuwa mtoto mchanga, ndiyo maana hujali!"

Libby akaingia chini ya meza na mabawa yake, na kilio chake kikaanzia huko.

"Delaney, basi," alisema Nolan. "Basi, mwanangu. Ni bahati mbaya."

Bibi Arlene alikuwa ameshika kipande cha karatasi kilichoungua, anakipeperusha kipoe. Aliongea bila kupandisha sauti.

"Mtoto ana miaka saba. Hapa jikoni kulikuwa na mtu mzima mwenye macho."

Wote walimtazama Corinne.

"Nilikuwa namenya viazi," Corinne alisema.

Halikuwa jibu la uongo. Viazi vilikuwepo.

*

Walikaa mezani kwa sababu chakula kilikuwepo na king'ora kilikuwa karibu. Nolan, ambaye maisha yake yote aliamini hakuna kilichovunjika kisichoweza kutiwa gundi, ndiye aliyepata wazo.

"Mkono si upo hapa? Bado haujakatwa. Tuuzungushie kalamu kwenye karatasi mpya. Umetoka kwenye mchoro ule ule."

Delaney alijifuta pua, fuvu likachafuka. Alileta karatasi safi, wakahamishia nyama juu yake kwa miko miwili, akauzungushia penseli. Walipoinua nyama, palibaki mkono umechorwa, na mstari wake haukuyumba hata kidogo.

"Njoo uone, Libby," Nolan aliita. "Toka huko. Umerekebishika."

Libby alitoka akiwa na bawa moja limekunjika. Aliutazama mchoro. Akauweka mkono wake mdogo juu yake, akatanua vidole kadiri alivyoweza. Ulikaribia kuenea.

"Ni kama wangu!" alisema. "Baba, tazama! Mkono wa Mama ulikuwa kama wangu!"

Nyama hunywea motoni. Hilo hata asiyepika analijua. Nolan alimtazama Bibi Arlene. Bibi Arlene alitazama sahani. Delaney alitaka kusema, akaona uso wa mdogo wake uliokuwa umeacha kulia, akaacha. Hakuna aliyekuwa na la kumpa mtoto badala ya lile alilolishika.

Corinne alielewa kilichokuwa kinatokea mbele yake. Mwaka kesho wangetumia mchoro huu, na mwaka wa kufuata. Nyama ingenywea tena. Janelle angebaki mdogo kuliko alivyokuwa, kila mwaka, kwa ridhaa ya wote, na Libby angekua akiamini mama yake alikuwa na vidole vya kitoto. Hakuna mtu ambaye angemlaumu Corinne kwa jambo hilo. Hakuhitaji kufanya chochote. Alihitaji kunyamaza tu, kama alivyonyamaza mara ya kwanza, na safari hii hata moto haukuhitajika.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?" Nolan aliuliza.

"Haukuwa hivyo. Ulikuwa mkubwa. Mkubwa kuliko wangu."

Delaney aligeuka polepole. "Wewe umejuaje? Hujawahi kumwona."

"Kidole cha kati kinanipita kwa ukucha. Cha shahada kinanipita kidogo, kama unene wa sarafu. Kiganja chake kilikuwa chembamba kuliko changu. Kidole gumba kinapinda kwa nje, kuanzia hapa."

"Nimeuliza umejuaje."

"Nilikuwa naweka mkono wangu juu yake," Corinne alisema. "Mkiwa hampo. Mara nyingi."

Bibi Arlene aliweka uma chini. Alikuwa mwanamke aliyelea watoto wanne na kumzika mmoja, na alijua kuunganisha mambo.

"Mtu anayeijua karatasi namna hiyo," alisema, "angeitambua hata ikichomoza pembe tu."

"Ndiyo."

"Uliiona."

"Niliiona. Libby hakuniona nikiiona. Nikafungua oveni."

Libby alitazama uso baada ya uso, akitafuta ni nani sasa anapaswa kulia.

"Kwa nini?" Nolan aliuliza. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua gari limeharibika wapi.

"Kwa sababu mimi hula kiganja," Corinne alisema, na mara akaona jinsi jambo hilo lilivyokuwa dogo likishatamkwa.

"Mungu wangu," alisema Bibi Arlene. "Kumwonea wivu maiti. Mwanangu amekuachia nini cha kumwonea wivu? Nyumba? Unalala ndani yake. Mume? Huyo hapo. Alichobaki nacho yeye ni kipande cha nyama kwa mwaka."

"Mama," Nolan alisema.

"Sijamaliza."

Lakini alikuwa amemaliza.

Corinne aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya Libby. "Hukukosea wewe. Nilipaswa kukwambia ngoja, sikukwambia. Kosa ni langu. Umesikia?"

Libby alifikiri. "Kwa hiyo mjinga ni wewe?"

"Mjinga ni mimi."

"Sawa," Libby alisema, na akavuta bawa lake lirudi mahali pake.

King'ora kikalia kutoka upande wa reli, kirefu, kikipanda na kushuka. Huko nje milango ikaanza kufunguka na sauti za watoto zikajaa mtaani. Nolan aliinuka. Hakumtazama mke wake; alichukua taa ya mkononi na mfuko wa peremende wa Libby.

"Tutaongea nikirudi," alisema akiwa mlangoni. Libby aliondoka na kidole chake kidogo cha nyama mkononi, anakitafuna kuanzia kwenye ukucha. Bibi Arlene alibeba kiti chake mpaka barazani, akaketi na lile karai mapajani, akiwa amewapa mgongo.

Jikoni walibaki wawili. Delaney hakwenda kumalizia uso wake. Aliukunja mchoro mdogo mara nne, akausukumia pembeni, akatoa karatasi nyingine nyeupe, akachonga penseli.

"Weka," alisema.

Corinne aliweka mkono wake. Delaney aliuzungushia bila kuugusa, penseli ikapita kati ya vidole kama mdudu baridi.

"Toa. Sasa sema."

Corinne alisema, na Delaney akachora mstari wa pili, uliokolea zaidi, akitembea kuzunguka wa kwanza: hapa unatoka nje kwa ukucha, hapa kwa unene wa sarafu, hapa kwenye kiganja unaingia ndani. Kwenye kidole gumba walikosea mara mbili. Mara ya tatu Delaney alisimamisha penseli, akatazama, na pumzi ikamtoka.

"Huo," alisema.

Mikono miwili ilikuwa pale kwenye karatasi moja, wa mmoja juu ya wa mwingine. Corinne alisubiri. Hakujua anasubiri nini, na alipojua kuwa alitaka mstari wake nao uachwe pale, aliona aibu.

Delaney alitafuta kwenye mkoba wake wa shule, akatoa kifutio. Akaanza na kidole kidogo, kwa uangalifu, akiufuta mstari wa kwanza bila kuugusa wa pili. Karatasi ilikuwa nyepesi, ikaanza kujikunja chini ya kifutio.

"Shika hapo," alisema. "Isichanike."

Corinne alinyoosha mkono akaibana karatasi pembeni, akaishikilia ikiwa imekaza, mpaka mstari wake ukaisha wote.